Maziwa yakikuvuruga tumbo, usiyalaumu kwanza

"Haya mmetia nini? Usiku kucha tumbo linaunguruma!" Ni mteja wa maziwa yetu hapa Chake Chake, Pemba, na mumewe alikunywa maziwa hayo hayo akalala fofofo. Malalamiko haya huzidi Ramadhani, mtu anapofuturu kwa glasi kubwa ya maziwa na tumbo halina kitu.

Maziwa yangekuwa mabovu, aghalabu nyumba nzima ingeumwa. Akiumwa mmoja, tena kila akinywa maziwa freshi, sisi hushuku laktosi, sukari ya asili ya maziwa. Kuisaga ni kazi ya kimeng'enya cha laktesi, kinachotengenezwa kwenye utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na laktosi isiyosagwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaila na kutoa gesi.

Jeni ya laktesi, yaani maagizo ya mwili ya kukitengeneza kimeng'enya hicho, wote tunayo. Tofauti iko kwenye swichi yake, kipande cha DNA (maandishi ya urithi, yenye herufi A, C, G na T) kilichojificha ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, kiasi cha herufi 14,000 kabla jeni yenyewe haijaanza. Herufi moja ikibadilika hapo, jeni huendelea kufanya kazi hata ukubwani. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, iliyopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ilionyesha kuwa badiliko kubwa la huku kwetu ni herufi G kuwa C, nafasi ya 14010 kabla ya jeni. Wazungu wana lao, nafasi ya 13910. Wafugaji wa huku na wa kule, kila mmoja na herufi yake, wakafika pale pale! Na badiliko hilo ukilirithi kwa mzazi mmoja tu linatosha, ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na usiache kuchemsha, lakini laktosi haiondoki. Maziwa ya mbuzi nayo yanayo, msidanganywe. Mtindi ni afadhali, kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Samli karibu haina kabisa. Maziwa freshi yanywe kidogo, pamoja na chakula.

Ukiona damu chooni, homa, au mtoto mchanga anaharisha, hayo si ya muuza maziwa, nenda hospitali.

Mtindi tunauza hata kwa kikombe. Anza na hicho kabla hujachukua dumu.