Kwa mpwa wangu, kabla hujanunua kinanda cha mdomo

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Umesema unataka kinanda cha mdomo (harmonika) cha kuning'iniza shingoni, upulize huku mikono yote miwili iko kwenye gitaa, na umeuliza ununue kipi. Mimi nakuuliza kwanza: nyimbo zako unazipiga kwenye ufunguo gani, yaani do yako ni noti ipi? Gitaa linakubali ufunguo wowote. Kinanda cha mdomo kina ufunguo mmoja tu, ule ulioandikwa kwa herufi kwenye kifuniko chake, na ukikosea hapo hata kile cha bei kubwa kitagombana na nyuzi zako.

Kwa hiyo chukua daftari, andika nyimbo kumi unazoimba mara kwa mara, na mbele ya kila wimbo andika ufunguo wake halisi. Nasema halisi kwa sababu kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi kwenye freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa) na kupandisha sauti, inadanganya: vidole vikishika mikao ya G na kapo iko freti ya pili, wimbo uko kwenye A. Na kama umelegeza nyuzi zote nusu sauti ili koo lipumue, E yako si E tena, ni Eb.

Kuhusu aina, usihangaike sana: nunua diatoniki ya matundu 10, ile ya kawaida yenye noti za ufunguo mmoja. Ukionyeshwa yenye safu mbili za matundu, kwa kawaida hiyo ni tremolo. Kila noti yake ina vilimi viwili (vipande vyembamba vya chuma vinavyolia kwa pumzi) vilivyopishanishwa sauti kidogo makusudi ili itetemeke. Ikipigwa peke yake ni tamu, lakini mtetemo ule juu ya kordi za gitaa (noti kadhaa zinazolia pamoja) husikika kama mmoja wenu hajatyuni. Tena ni ndefu, haikai vizuri kwenye vishikio vingi vya shingoni. Kromatiki nayo ina kitufe pembeni cha kubadilishia noti, na kitufe kinataka mkono. Mkono huo utautoa wapi?

Kama umepita kwaya, diatoniki utaielewa upesi. Shika kinanda namba 1 ikiwa kushoto. Tundu la 4 ukipuliza ni do, ukivuta pumzi ndani ni re. La 5 ukipuliza mi, ukivuta fa. La 6 ukipuliza so, ukivuta la. Fika la 7 uwe macho, maana mpangilio unageuka: unavuta kwanza kupata ti, ndipo unapuliza do ya juu. Wengi hujikwaa hapo wakadhani kinanda ni kibovu. Chini ya tundu la 4 mambo ni tofauti kabisa: fa na la hazipo, hadi ujifunze kupinda noti, yaani kuishusha sauti, kwa kubadilisha nafasi ya ulimi mdomoni ukiwa unavuta tundu la 2 na la 3. Kwa miezi ya mwanzo, melodi zako zikae kati ya 4 na 7.

Matundu ya chini yaache kwa kordi. Kwenye kinanda cha C, kupuliza popote kunakupa C. Kuvuta 1 hadi 4 pamoja kunakupa G. Shida ni F, kwa kuwa kordi kamili ya F haimo. Vuta 5 na 6 tu, upate F na A, gitaa limalizie. Ukiteleza ukagusa na la 4, D inaingia na kordi inageuka kuwa Dm. Gitaa likiwa kwenye F, msikilizaji atahisi kuna kitu kimepinda hata kama hajui ni nini.

Njia hiyo, ufunguo wa kinanda sawa na wa wimbo, ndiyo inayokufaa wewe mwenye nyimbo za kuimba. Ipo nyingine, ya bluzi: kinanda kinakuwa noti ya nne kuhesabu kutoka ufunguo wa wimbo. Wimbo ukiwa G, hesabu G, A, B, C, unachukua kinanda cha C. Wimbo wa E unataka A, wa A unataka D. Hapo kordi ya nyumbani, ile ya ufunguo wa wimbo, inatoka kwa kuvuta, na noti za kuvuta za chini ndizo zinazopindika kirahisi, ndiyo maana bluzi inalia vile. Kwa nyimbo za Am, kinanda cha C kinatosha. Kwa Em chukua G.

Sasa angalia daftari. Funguo zikiwa zimetawanyika, usikimbilie seti ya vinanda saba vya bei chee. Hivyo huvuja hewa kati ya bamba zinazobeba vilimi na kiini, ule mwili wa katikati wenye matundu, ukapuliza mpaka kizunguzungu na sauti haitoki. Nunua kimoja kizuri cha C, kisha kapo ifanye kazi: mikao ya A na kapo freti ya 3 ni C, mikao ya G na kapo freti ya 5 ni C pia. Cha pili kiwe G, ambacho ndicho cha chini kabisa kati ya vile vya kawaida na kinakaa vizuri chini ya sauti ya mtu. Kinanda cha F cha kawaida ni chembamba kama filimbi. Ukikihitaji, tafuta kilichoandikwa Low F, yaani F ya chini.

Hohner Special 20 ni chaguo la salama. Kiini chake ni cha plastiki, hakivimbi kwa mate, na bamba zimezamishwa ndani kwa hiyo midomo haikwaruzwi, jambo kubwa kwa mtu asiyeweza kukishika kwa mkono. Marine Band ya asili, iliyotoka 1896, ina kiini cha mti wa mpea na imepigwa misumari; sauti yake naipenda, ila mti huvimba na kufungua kuirekebisha ni kazi. Lee Oskar ina faida yake: bamba za vilimi huuzwa peke yake, kilimi kikichoka unabadilisha bamba. Na vitachoka. Vilimi vya shaba hupigwa na pumzi ya nguvu hadi vinashuka sauti, mara nyingi vile vya kuvuta 4 na 5. Tundu la 2 la kuvuta likikataa kulia siku ya kwanza, usirudi dukani kugombana. Unavuta kwa nguvu mno, legeza taya.

Kishikio ndicho watu hukibania pesa. Chagua chenye nati za kukaza kwa vidole na mikono isiyolegea, maana kikishuka katikati ya ubeti huna mkono wa kukiinua. Kinanda kije mdomoni, si shingo iinamie kinanda. Hakikisha vyuma havigusi ubao wa gitaa, vitaukwaruza na kugongagonga kila unapopiga.

Mwisho, kutyuni. Kinanda hakibadiliki, gitaa ndilo linalokifuata. Viwanda kadhaa hutyuni juu kidogo ya 440 (mitetemo kwa sekunde ya noti A, kipimo cha kawaida), kama 442, kwa sababu pumzi ikizidi sauti hushuka. Ukisikia mawimbi kati yenu, fungua programu ya kutyuni kwenye simu, puliza tundu la 4 polepole kama unavyopiga kawaida, soma inasemaje, uliweke gitaa hapo. Kisha kung'uta mate kiganjani, matundu yakitazama chini, ndipo uanze.

Mjomba wako