Kulipa dakika moja, faili siku tatu

Mhariri, habari za kazi.

Naomba kanafasi gazetini niseme hili maana limenikaa rohoni toka wiki iliyopita. Nilimsindikiza mama yangu kwenye ofisi moja ya umma hapa Dar kufuatilia kiwanja cha marehemu baba, tumetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi foleni. Kulipia wala hakukuwa na shida, tukapewa control namba, nikalipa kwa simu pale pale kwenye benchi na meseji ikaingia haijapita hata dakika. Hapo serikali imefanya kazi, nawapa hongera.

Sasa njoo kwenye kaunta. Kompyuta ya yule dada monita yake ya chogo, ikiwaka inaleta ile picha ya kilima cha majani ya Windows XP, programu ya zamani ya kuendeshea kompyuta, na Microsoft wenyewe walioitengeneza waliacha kuihudumia toka Aprili 2014, yaani tundu lolote la usalama likionekana leo hakuna wa kuliziba. Akaandika jina la mzee, ikaganda. Akazima akawasha, tukasubiri. Mwisho akachomoa flashi akaenda kuprinti chumba cha pili, karudi anatuambia faili lenyewe liko masjala na mwenye funguo katoka, njooni kesho. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na tumeenda siku tatu.

Simlaumu yule dada, mashine sio yake na aibu aliiona yeye kuliko sisi. Ila Sheria ya Serikali Mtandao tunayo toka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayetunza taarifa zetu azilinde, sasa utazilindaje kwenye mashine kama ile huku flashi moja inazunguka vyumba vyote, kirusi kikiingia si ndio yameenda majina, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na viwanja vya watu? Na bado wanataka fotokopi ya kitambulisho cha NIDA wakati taarifa zake serikali inazo yenyewe! Nakala ya kwanza ya mama ilipotelea humo humo ofisini, akatumwa steshenari ya nje akatoe nyingine.

Wakubwa mnaopanga bajeti, kabla ya kutengeneza tovuti nyingine anzeni na hizo kaunta, na mafaili ya masjala yaskaniwe yote. Sisi Jumatatu tunarudi tena, faili la mzee bado halijaonekana.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam