Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Kipande Hakimsubiri Mgonjwa

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mwekahazina. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotutoboa mifuko mwaka huu kuliko hata bei ya mpunga: afya zetu.

Sisi vibarua wa majaruba ya mpunga ya Magu na Misungwi tunalipwa kwa kipande, yaani eneo la shamba ulilopimiwa. Ukimaliza unapewa chako. Ukilala na homa, tajiri hana deni nawe. Chukueni malaria. Dawa mseto hunywewa asubuhi na jioni kwa siku 3. Katikati ya palizi, siku hizo 3 ni hela iliyokwenda, na kipande ulichoacha nusu anapewa mwingine. Ndiyo maana wengi wetu tukipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki tunavifunga kwenye mfuko tunarudi jarubani. Homa ikirudi, inatukuta tumeshakopa.

Malaria angalau hupiga hodi. Kichocho hakipigi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi tukiwa tumesimama majini tunapandikiza. Hakikulazi, unachoka tu, tumbo linasokota, wengine wanaona damu chooni. Kipande ulichokuwa ukimaliza saa sita mchana sasa kinakufikisha magharibi, na wenzako wanakuita mvivu. Nami nilimwita mwenzetu hivyo msimu uliopita, nimeshamwomba radhi. Tiba yake ni praziquantel, inayonywewa baada ya kula. Lakini ugawaji mkubwa wa dawa hiyo hulenga watoto shuleni. Sisi tulioacha madaftari zamani, leo tuko huku, kesho Sengerema, tunapitwa.

CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, mwaka 2024 ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Waliojiunga wapo, ila kadi wamemwachia mama watoto nyumbani, huku mashambani hawanayo. Nyumbani nako kuna wagonjwa, siwalaumu.

Lawama ni yetu viongozi. Mfuko wa ugonjwa tuliuendesha kama mkopo, marejesho baada ya mavuno. Aliyeugua akawa anakimbilia shambani kabla hajapona ili atulipe sisi. Kamati inapendekeza mgonjwa mwenye cheti cha zahanati apewe posho ya siku 3 za dawa, isiyorudishwa. Ada itapanda kidogo, na najua kuna watakaonuna. Tutapiga kura baada ya chakula.

Mwenyekiti