Kuhusu gesi inayovuja kutoka sakafu ya bahari

Tanga

Mpendwa Salma,

Natumai barua hii inakukuta u mzima, wewe pamoja na wazee. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unapouliza kwa nini methani inayovuja yenyewe kutoka chini ya bahari iachwe ipotee, ilhali jirani zetu bado wanapikia kuni.

Naanza na neno hilo la kupotea, kwa kuwa ndipo tunapotofautiana. Methani nyingi inayopanda katika tope la bahari kuu huliwa kabla haijafika kwenye maji: vijidudu viitwavyo akea, vikishirikiana na bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari, huisaga gesi hiyo, na mabaki yake hulisha jamii nzima ya kome na minyoo wa mirija. Jamii ya namna hiyo ilielezwa na wanasayansi mwaka 1984, baada ya kukutwa katika Ghuba ya Meksiko kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, na baadhi ya minyoo wa ghuba hiyo huishi zaidi ya miaka 200. Viputo vinavyoponyoka huko chini navyo huyeyuka njiani, hata ikawa ni kiasi kidogo mno kinachofika hewani. Kwa hiyo tukiichukua gesi hiyo tukaichoma, tutakuwa tumeongeza hewa ya ukaa ambayo isingefika angani, tena tumewanyang'anya viumbe hao riziki yao.

Kuikusanya nako ni kazi ngumu, kwani hutoka kama jasho, kidogo kidogo juu ya eneo pana. Najua utanitajia Coal Oil Point huko California, ambako mwaka 1982 kampuni ya mafuta iliweka mahema mawili makubwa ya chuma juu ya michirizi ya gesi chini ya bahari na kuipeleka gesi nchi kavu kwa bomba. Mradi ule naukubali kwa moyo wote, lakini kina chake ni mita 67 hivi, ufuo uko karibu, na gesi ile ilikuwa inafika hewani na kuichafua.

Wajapani walielekea kwenye methani iliyoganda na maji ikawa mfano wa barafu, ambayo mita moja ya ujazo hutoa takriban mita 160 za gesi. Mwaka 2013, katika bonde la Nankai, walipata kama mita za ujazo 120,000 kwa siku sita, kisha mchanga ukaingia kisimani wakalazimika kusimama. China ilipata mita za ujazo 861,400 kwa siku 30 mwaka 2020. Ni ufundi wa kusifiwa, ila bado ni majaribio, na uvujaji wowote ni hatari, maana katika miaka 20 methani hupasha dunia joto mara 80 na zaidi kuliko hewa ya ukaa.

Ukitaka methani inayostahili kuvunwa, Salma, itazame Kivu. Ziwa lile limebeba mita za ujazo zipatazo bilioni 60, zimeyeyuka katika maji mazito ya chini pamoja na hewa ya ukaa, na zikilipuka zitahatarisha watu wapatao milioni mbili wa Rwanda na Kongo. Mtambo wa KivuWatt huvuta maji hayo kutoka kina cha mita 350 hivi na kuzalisha megawati 26, na gesi inayotolewa hupunguza hatari. Huko nishati na usalama vinakwenda pamoja. Katika michirizi ya bahari kuu havikutani. Nasi tuna gesi ya kisiwa chetu cha Songo Songo, inayozalisha umeme tangu 2004, kwa hiyo sioni dharura ya kwenda kuisumbua sakafu ya bahari kabla gesi hiyo haijafika jikoni kwa hao jirani uliowataja.

Nijibu hasa kuhusu Kivu, kwani nadhani hapo tutakubaliana. Wasalimie wazee.

Rafiki yako,
Hamisi