Barua kwa mdogo wangu: usizikate nywele kwa ajili ya operesheni

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi usiku tulizungumza karibu saa nzima, na ulipokuwa unaaga ndipo ukaniuliza kile hasa ulichonipigia simu: "Dada, au nizikate tu?" Nikakujibu hapana, salio likaisha. Tangu hapo sina raha. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, na niiweke barua hii hadharani, maana wanawake wengi wa Dar wanaingia kupasuliwa wakiwa na swali hilo hilo moyoni. Wanaona haya kuuliza, wasije wakaambiwa mgonjwa anawaza urembo.

Ile picha ya karatasi ya hospitali uliyonitumia nimeisoma. Usile kuanzia saa sita usiku, uje na khanga mbili, beseni, pedi, na ndugu wawili wa kuchangia damu. Kuhusu kichwa, hakuna neno. Karatasi yangu mimi, nilipokwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi, ilikuwa vivyo hivyo.

Sijawahi kukusimulia yaliyonikuta, kwa hiyo sikiliza. Siku moja kabla ya kulazwa nilisuka rasta ndogo ndogo za kufika kiunoni. Niliona nikishasuka hivyo nitakaa mwezi mzima bila kugusa kichwa. Asubuhi yake nikazikusanya nikazifunga fundo moja kubwa kisogoni. Kofia ya chumba cha upasuaji ikagoma kuingia. Nesi akajaribu ya pili, nayo ikagoma. Ikabidi fundo lifumuliwe nikiwa nimeshalala kwenye kitanda cha magurudumu, mikono ya watu wawili kichwani kwangu, na mimi natetemeka kwa hofu ya kisu. Baada ya hapo nililala chali siku nne, feni iko mbali, jasho linatiririka. Niliporudi nyumbani, nywele zangu za kisogoni zilikuwa zimeshikana na rasta kama dodoki. Mama alihangaika nazo siku mbili kwa chanuo, mwisho akachukua mkasi. Nilikuwa na kidonda tumboni, siwezi kukaa wima hata nusu saa, na nikalilia nywele. Sitaki yakukute.

Sasa lile la kukata. Operesheni yako ni ya tumbo, hakuna mtu atakayenyoa kichwa chako. Na hata hapo penye kupasuliwa, usimsikilize shangazi anayekwambia ujinyoe kwa wembe nyumbani ili uende safi. Wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo vijidudu hupenyea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema nywele za mahali pa upasuaji ziachwe, na ikilazimu kabisa ziondolewe kwa mashine ya kupunguzia, wembe usitumike. Waachie wenyewe hospitali waamue.

Kwa hiyo nywele zako zinabaki. Miaka minane umezilea bila dawa, zinafika katikati ya mgongo ukizinyoosha, halafu uzikate kwa sababu ya siku nne za wodini? Tunachotafuta ni msuko utakaokuacha ulale.

Jambo la kwanza ni kisogo. Ukipewa nusu kaputi, daktari wa usingizi hukirudisha kichwa chako nyuma kidogo, kidevu kikaangalia juu, ndipo apitishe mpira wa kupumulia kooni. Fundo likiwa kisogoni linakisukuma kichwa mbele na kumtatiza. Halafu utalala hivyo hivyo bila kujigeuza mpaka wamalize. Ngozi ya kichwa ikibanwa mahali pamoja kwa saa nyingi damu haipiti vizuri, na wapo wanaobaki na kidonda au kipara kidogo hapo. Kisogo kiwe bapa, kama cha mtoto.

La pili ni chuma. Toa pini, mabanio, shanga zenye vyuma, mpira wenye kile kipande cha bati, vyote vibaki nyumbani. Madaktari hutumia kifaa cha umeme kukatia nyama na kuziba mishipa ya damu, na chuma mwilini kinaweza kusababisha kuungua. Wigi usije nalo. Rasta na wivingi usiweke safari hii, hata kama msusi atakuapia kwamba ni nyepesi. Mafuta na spirei siku ile acha kabisa, kwani vingine vinashika moto upesi. Na kucha futa rangi, piko pia usipake vidoleni, maana kile kipimo cha oksijeni wanachokubana nacho kidoleni hupitisha mwanga, na rangi nzito inaweza kukizuia kusoma.

Msuko wenyewe nimeshaupata, nimejisuka na kulala nao usiku mbili ili niwe na hakika. Tunapasua njia katikati, kutoka kwenye paji hadi shingoni. Kila upande mistari miwili minene, inayolala kichwani. Ikifika nyuma ya sikio, ile miwili inaungana kuwa msuko mmoja unaopita juu ya bega na kushuka kifuani. Ukilala chali hakuna unachokilalia. Wakati wa kofia, misuko hiyo miwili inakunjwa juu ya utosi, imekwisha. Ncha tunafunga kwa kitambaa.

Najua mama mdogo atasema nini. Hiyo ni twende kilioni, na mgonjwa hasukwi kilioni. Simlaumu, anakuogopea. Sisi tuliambiwa utotoni kwamba jina lilikuja kwa sababu ni msuko wa haraka, wa mtu aliyepata habari ya msiba na hana muda wa kukaa kwa msusi. Haraka hiyo hiyo ndiyo inayotufaa. Kama jina linamuumiza, mwambie kwamba dada anakusuka mistari minne, na tusilitamke tena mpaka urudi nyumbani.

Usikubali mtu akukaze. Msuko ukivuta ngozi ya paji, kichwa kitauma, na kama daktari ataamua kukupa ganzi ya mgongo badala ya nusu kaputi, ganzi hiyo nayo inaweza kuleta maumivu ya kichwa baadaye. Daktari atataka kujua yanatoka wapi, nawe hutajua la kumjibu. Ndiyo maana nataka tusuke Jumamosi na wewe unaingia Jumanne, mvuto wowote uwe umeshatulia.

Kuhusu kujistiri, nakujua hupendi kukaa kichwa wazi mbele ya watu. Mwambie nesi mapema, kabla hawajakuchukua, kwamba unataka kofia ibaki kichwani mpaka utakapozinduka. Mtandio wa pamba mpe mama mdogo aushike mkononi, asiutie kwenye mkoba na vitu vingine, ili ukirudi wodini uwe karibu. Mimi wangu ulitafutwa mpaka magharibi.

Kuna jambo nilitamani mtu angeniambia. Miezi miwili au mitatu baada ya operesheni unaweza kuona nywele zinabaki nyingi kwenye chanuo kuliko kawaida. Ni mwili unajibu mshtuko wa upasuaji, na kwa wengi zinarudi zenyewe. Mimi nilidhani ni ugonjwa mwingine, nikakaa na hofu hiyo peke yangu wiki nyingi. Wewe ukiziona nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Jumamosi navuka na pantoni ya asubuhi, nitakuwa Kigamboni kabla jua halijawa kali. Ijumaa osha nywele mapema jioni, zikauke zote, usilale nazo mbichi. Paka mafuta ya nazi kidogo sana, kwenye ncha tu. Tafuta lile chanuo la meno mapana, na khanga moja kuukuu iliyolainika, tuichane vipande vya kufungia. Kigoda cha mama mdogo kitatosha kukalia, ukae uani penye kivuli, nami nitasimama nyuma yako.

Dada yako