Stima ikirudi, mkono wa mtoto uko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako niongee kuhusu hizi mashine za mbao zinazoingia kwa shule zetu. Kuna msomaji aliandika hapa majuzi akisifu vile shule za huku kwetu zimeanza kujipanga na karakana sababu ya hawa watoto wa Gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari 2026, na mimi sipingi hata kidogo, mimi mwenyewe ni fundi wa mbao hapa Kibuye, Kisumu, mwaka wa ishirini na kitu huu, na kijana wangu alipochagua somo la useremala nilifurahi mpaka nikanunulia jirani wa kibanda soda. Lakini yule msomaji alihesabu mashine tu. Hakusema hata mara moja zinawashwa na nini na zinazimwa na nini.

Muhula huu nilienda siku ya wazazi shuleni kwa kijana. Shule sitaitaja, walimu pale ni watu wazuri na wanajitahidi na kile kidogo wako nacho. Baada ya hotuba nikamwambia mwalimu wa useremala anionyeshe karakana. Akanipeleka na furaha kabisa. Nikakuta sakyula ya meza, ule msumeno wa duara unaozungushwa na mota, hizi zetu za jua kali, mota ya hosipawa mbili, belti iko nje wazi, bleidi imesimama juu nzima kama mwezi. Kifuniko cha kukinga hiyo bleidi nikakiona juu ya kabati kimejaa vumbi, nikamuuliza, mwalimu, mbona hiki kimelala huko? Akacheka, akaniambia, "Mzee, hicho kinasumbua, vijana hawaoni laini wakipasua."

Sasa hapo siwezi kujifanya malaika. Ukipita Kibuye leo asubuhi utapata sakyula nyingi hazina kifuniko na ya kwangu ilikaa hivyo miaka mingi, nyani haoni kundule. Kwa hivyo hicho kifuniko hakikunishtua sana. Kilichonishtua ni swichi. Ilikuwa ni ile ya ukutani, ile kubwa nyekundu ya hita ya bafu, iko mlangoni, hatua kama sita kutoka kwa mashine. Ukiibonyeza inakaa imebonyezwa. Stima ipotee, irudi, yenyewe bado imebonyezwa.

Wacha nieleze mbona hiyo kitu ilinikausha mate, juu wengi hawaifikirii.

Nikiwa bado naajiriwa, kabla nifungue kibanda changu, tulikuwa tunapasua saipresi mbichi jioni moja, mvua ya ziwa ikaja na radi zake, stima ikapotea mbao ikiwa katikati ya bleidi. Bleidi ikazunguka polepole ikasimama. Kimya. Sasa wewe kwa hiyo kimya unafanya nini? Hakuna mtu anakumbuka swichi kwa giza, kila mtu anafikiria kazi yake iliyokwama. Nikaingiza mkono wa kushoto nitoe kile kipande kilichobana na nipanguse maranda chini ya meza. Stima ikarudi. Mashine haipigi honi, haisemi naanza, kwanza wewe unasikia mlio alafu ndio unaelewa mkono uko wapi. Kidole cha kati kiliisha nusu na cha shahada kikabaki bila ukucha, na nashukuru Mungu kiasi hicho, juu mbao ilikuwa imebana bleidi, ikachelewa kushika kasi.

Sasa niambie, Mhariri, hapa Kisumu, Kakamega, Kisii, pahali radi inalia karibu kila jioni wakati wa mvua, stima hupotea na kurudi mara ngapi kwa wiki? Alafu weka hapo wanafunzi arobaini na mwalimu mmoja.

Dawa ya hii kitu si ya ajabu na iko kitambo. Kuna swichi ya vibonyezo viwili, kijani na nyekundu, ndani yake kuna koili ya waya. Ukibonyeza kijani, koili inapata stima, inavuta chuma, chuma kinashikilia njia ya umeme ikae wazi. Stima ikipotea koili inaishiwa nguvu, chuma kinaachilia, njia inakatika. Stima ikirudi saa hiyo ama kesho, mashine inabaki imelala mpaka mtu aje na kidole chake abonyeze kijani tena. Ni hivyo tu. Mafundi wa stima wanaijua, wengine hufunga stata ya kawaida, ile ya kuwashia mota, na inafanya kazi hiyo hiyo ikiunganishwa vizuri, na bei yake ni kidogo ukilinganisha na mashine yenyewe, kuiacha ni kama kununua gari ukatae kununua breki. Na ile nyekundu iwe kubwa, imetokeza nje, chini ya meza pahali mwanafunzi anaweza kuigonga na goti ama paja mikono yote miwili ikiwa kwa mbao. Si mlangoni! Hatua sita ni mbali sana ukiwa umeshikwa.

Nirudi kwa kifuniko. Kile kifuniko cha juu huwa kinashikwa na kibati kinachosimama nyuma ya bleidi, na mafundi wengi wakitoa kimoja wanatoa vyote, hapo ndio kosa. Hicho kibati ni cha maana kuliko kifuniko, mimi naona hivyo. Mbao ikishapasuliwa, haswa ile mbichi ama yenye mafundo, inajikunja ikijifunga tena nyuma ya bleidi. Meno ya nyuma yanatoka chini yakipanda juu, yakishika mbao yanaiinua na kuirusha kwa aliyesimama. Bleidi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, jino lake linasafiri zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Matatu kisheria ni 80. Kibati kinakaa kwa ule mwanya kinazuia mbao isijifunge, unene wake uzidi kidogo ule wa chuma cha bleidi lakini usifikie upana wa njia inayokatwa na meno, na kiwe karibu na meno, si nusu futi huko nyuma. Na mwanafunzi asisimame sambamba na bleidi, asimame kando kidogo, hata mwenye anapokea mbao upande ule mwingine asivute, ashikilie tu. Nimeona mbao ya futi mbili ikitoboa mabati ya ukuta. Tumbo la mtoto si mabati.

Alafu kuna mambo ya nguo, na hapa ndio kulikuwa na kituko. Kwa mkutano mzazi mmoja, mama mwenye roho safi, akasimama akasema tuchange tununulie watoto wa useremala glavu. Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono, huu huu wa kushoto, makofi yakapungua yenyewe. Nikasema mama asante sana, lakini kwa mashine inayozunguka glavu ni kamba. Jino likishika kidole kitupu linakata, si kitu kizuri, lakini likishika glavu linavuta mkono mzima uingie. Glavu ni za kubeba mbao kutoka kwa lori. Hiyo hela tununue miwani ya kukinga macho na vya kuziba masikio, juu sakyula inapiga kelele desibeli mia hivi na sheria yetu ya kelele ya mwaka 2005 inasema mtu asizidi 90 kwa saa nane.

Na tai! Jameni hii tai ya shule. Mwanafunzi anainama juu ya drili ya kusimama na tai imening'inia, sweta mikono imelegea imefika vidoleni, msichana nywele zake hazijafungwa. Niliuliza mwalimu akasema sheria ya shule ni yunifomu kamili mpaka saa kumi. Basi bodi ikae ibadilishe hiyo sheria kwa karakana peke yake, tai itolewe mlangoni itundikwe msumarini, dasti koti yenye mikono mifupi ama iliyokunjwa mpaka juu ya kiwiko, viatu vya kufunika vidole. Kubadilisha sheria hakuhitaji hata shilingi.

Kitu kingine nilikiona pale pembeni, rundo la madawati yaliyovunjika. Ndio mbao za mazoezi. Naelewa, mbao ni ghali, na tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 bei haijawahi kutulia hata baada ya rais kutangaza kuiondoa 2023. Lakini dawati la shule lina misumari ya miaka thelathini, mingine ilipigwa ikakatikia ndani huioni kwa macho. Bleidi ya meno magumu ikigonga msumari, jino linang'oka linaruka kama risasi. Kama lazima mtumie madawati, kata kwa msumeno wa mkono, pitisha sumaku kwanza, piga randa ya mkono uone mbao yote. Sumaku ya spika mbovu inatosha, mimi yangu nilitoa kwa redio.

Ambayo inanileta kwa jambo nililotaka kusema tangu mwanzo na nikazunguka. Mimi ni mtoto wa 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa zamani, ilipoanza 1985 nilikuwa shule ya msingi, na useremala tulifundishwa. Hatukuwa na mashine yoyote, tulikuwa na msumeno, randa, patasi na jiliwa moja darasa nzima linapigania. Watu wanacheka ule mfumo, na kweli wazazi walichangishwa mpaka wakachoka, lakini ule msumeno wa mkono ulinifundisha kitu. Mkono unasikia mbao. Unajua saa imeanza kubana, unajua fundo liko karibu, unajua nyuzi zimegeuka. Mtu aliyejua hayo kwa mkono akienda kwa sakyula anasikia mlio ukibadilika anaacha kusukuma. Mwenye alianzia kwa sakyula akisikia mlio umebadilika anasukuma zaidi, juu anadhani mashine imekosa nguvu. Kijana wangu nilimuuliza wamekata na msumeno wa mkono vipindi vingapi, akasema viwili. Viwili! Na randa wamegusa mara moja.

Kwa maoni yangu muhula wote wa kwanza uwe wa mkono tu. Wa pili waanze na drili ya kusimama, kazi imefungwa kwa klampu si kushikwa na vidole, alafu jigiso, ule msumeno mdogo wa stima wa kushika mkononi. Sakyula ije mwisho, na awe mmoja mmoja na mwalimu kando yake, wengine wamekaa nyuma ya laini iliyopakwa rangi sakafuni. Kipande kifupi kuliko futi moja kisipelekwe kwa sakyula kabisa, kikatwe kwa mkono. Na mkono ukikaribia bleidi kiasi cha shibiri, shika kijiti cha kusukumia. Bleidi ipande juu ya mbao kidogo tu, si kusimama wima kama ile niliyoikuta. Na ikiwa ni kuibadilisha ama kutoa kitu kilichokwama, plagi itolewe kwa soketi, iwekwe juu ya meza mwenye kazi aione. Hiyo ingeokoa kidole changu, hata bila ile swichi ya vibonyezo.

Vumbi sitalisema sana ila wajue si uchafu tu wa kufagia. Vumbi la mbao lilishawekwa kwa orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, ya pua haswa, na watoto wanalifagia kavu na madirisha yamefungwa. Madirisha yafunguliwe, maji yanyunyizwe kidogo kwa sakafu kabla ya kufagia, lakini si karibu na ekstensheni tafadhali.

Na kama kuna mtu anadhani haya ni maoni ya fundi mmoja wa Kibuye mwenye uchungu wake, sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka sehemu hatari ya mashine ifunikwe ikiwa inazunguka, na asiwekwe mtu kwa mashine ya kuumiza kabla ya kuelezwa hatari zake na kufunzwa ama kusimamiwa na mwenye anaijua.

Mwalimu alinisikiliza vizuri, sitasema uongo. Kifuniko tulikishusha pamoja kutoka kwa kabati, tukakipanguza, kikakosa boliti moja, nikaahidi kuleta. Swichi niko nayo, ya vibonyezo viwili, nilitoa kwa mashine yangu ya zamani, inafanya kazi, nilijaribu mwenyewe. Nilisema nitaifunga bure na fundi wa stima rafiki yangu. Nikaambiwa niandike barua kwa bodi, na bodi inakaa muhula ujao. Barua niliandika. Swichi bado iko hapa kwa kibanda, kwa ndoo ya nati, na kijana wangu ana kipindi cha useremala Jumatano mchana, saa zile mvua huanza.

Mzazi na fundi wa mbao,
Kibuye, Kisumu