Barua kwa Rehema: usiiondoe sura ya tatu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote walio karibu nawe. Mimi ni mzima wa afya, kazi inaendelea, na Salum anakusalimu kwa mikono miwili. Ningependa kukuandikia habari nyingine, lakini barua yako imenishughulisha mno, na acha niingie kwenye jambo lenyewe moja kwa moja.

Unasema kwamba jopo limekurudishia pendekezo lako la utafiti na kukutaka uchague. Ama uandike tasnifu ya nadharia ya maarifa, uulize ni ushahidi kiasi gani unaompa mtu haki ya kuamini jambo fulani juu ya mwenzake. Ama uandike tasnifu ya maadili, uulize ni lini kuamini tu, kabla hata ya kutenda, kunakuwa dhuluma. Unasema pia kwamba umekwisha kuanza kuiondoa sura ya tatu, ile inayoyakutanisha maswali hayo mawili. Rehema, nakusihi usiiondoe. Sura hiyo ndiyo tasnifu yenyewe, na sikuambii hivyo kwa sababu ya urafiki wetu bali kwa sababu ya mambo yanayoendelea sasa katika utafiti wa falsafa.

Anza na mtu ambaye nadhani jopo lako halikumtarajia: Richard Rudner, mwanafalsafa wa sayansi. Mwaka 1953 alidai kwamba mwanasayansi, akiwa kazini kama mwanasayansi, hawezi kukwepa hukumu za kimaadili, kwa kuwa hakuna dhana ya kisayansi inayothibitishwa kikamilifu. Siku zote lazima mtu aamue kwamba ushahidi aliokuwa nao sasa unatosha. Unatosha kwa kipimo gani? Alijibu kwamba inategemea uzito wa kosa. Ukitaka kukubali kwamba dawa haina kiasi cha sumu kinachoweza kuua, utadai uhakika mkubwa sana. Ukitaka kukubali kwamba shehena ya bizimu za mikanda haina kasoro, utaridhika na uhakika mdogo zaidi. Richard Jeffrey alimpinga mwaka 1956 akisema kwamba kazi ya mwanasayansi si kukubali wala kukataa, ni kutaja kiwango cha uwezekano tu, kisha wengine waamue. Lakini Rudner alikuwa amekwisha kuliona pingamizi hilo: hata kusema kwamba uwezekano ni kiasi fulani ni kukubali jambo, na swali la kutosha kwa ushahidi linarudi pale pale.

Sasa vuka uingie kwenye nadharia ya maarifa, ambako jopo lako linataka ukae peke yako. Mwaka 1992 Keith DeRose alileta mfano wa benki ambao sote tuliusoma. Ni Ijumaa jioni, foleni ni ndefu, na mtu anamwambia mkewe kwamba watarudi kesho, kwa kuwa anajua benki hufunguliwa Jumamosi. Alifika hapo Jumamosi ya wiki mbili zilizopita akaikuta wazi. Badilisha jambo moja tu: wameandika hundi kubwa ambayo itarudishwa fedha zisipowekwa kabla ya Jumatatu, na mkewe anamkumbusha kwamba benki hubadilisha saa zake. Ushahidi ni ule ule, ila sasa anasita kusema kwamba anajua. DeRose mwenyewe aliueleza mfano huo kwa kusema kwamba maana ya neno "kujua" hubadilika kulingana na mazingira ya msemaji, lakini Jason Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba hasara inayomkabili mtu huathiri kama anajua au hajui. Ni swali la Rudner lile lile, limevaa nguo nyingine, na kwa muda mrefu watu wa tawi moja wameliandika kana kwamba wa tawi jingine hawajawahi kuligusa.

Hatua ya tatu ni ile iliyo katika sura yako. Mwaka 2011 Tamar Gendler aliandika juu ya gharama za kimaarifa za upendeleo uliofichika, yaani ule ambao mtu anao bila kujijua, na akaanza na kisa cha mwanahistoria John Hope Franklin. Ilikuwa mwaka 1995, mkesha wa siku ambayo Franklin angetunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani, naye alikuwa mwenyeji wa karamu ya chakula cha jioni katika klabu ya Cosmos mjini Washington. Mwanamke mmoja akamwona, akampa kijikaratasi cha kuchukulia koti, akamwagiza amletee koti lake. Aliona mtu mweusi, akahitimisha kwamba ni mhudumu. Swali ambalo kisa hicho kimelizalisha ni gumu: tuseme idadi kubwa ya watu weusi waliokuwamo klabuni humo walikuwa wahudumu kweli, je, mwanamke yule hakufuata ushahidi? Na ikiwa aliufuata, mbona kila anayekisikia kisa hicho anahisi kwamba Franklin alikosewa, tena kabla hata ya kijikaratasi kufika mkononi mwake?

Hapa nina onyo kwako, maana ndipo jopo litakapokubana. Wahudumu wa klabu ile walivaa sare, naye Franklin hakuwa na sare. Ndivyo alivyomjibu mwanamke yule, kwamba akimpa kijikaratasi mhudumu mwenye sare huenda akalipata koti lake. Basi mtu wa nadharia ya maarifa anaweza kukuambia kwamba hapo hapana haja ya maadili: mwanamke alipuuza ushahidi uliokuwa mbele ya macho yake, na kosa lake ni uzembe wa kawaida wa kufikiri. Pingamizi hilo ni la haki. Kwa hiyo usikitegemee kisa cha Franklin peke yake. Tengeneza kisa kama hicho kisicho na sare, ambamo ushahidi wote unaelekea upande mmoja, kisha uulize tena. Rima Basu, katika makala zake za mwaka 2019, anajibu kwamba hata hapo mtu anaweza kudhulumiwa na imani yenyewe, na kwamba uzito wa kimaadili wa jambo hupandisha kiwango cha ushahidi unaohitajika ili kuliamini. Mimi nakubaliana naye katika hilo la kiwango. Wanaoogopa kwamba tukiruhusu maadili yaingie katika imani kila mtu ataamini anachokipenda, naona hawajatofautisha mambo mawili: kupandisha kiwango hakukuambii uamini kinyume cha ushahidi, kunakuambia usubiri zaidi kabla ya kuhukumu.

Tena hata mahakama zinalifahamu jambo hili kwa namna yake. Utaukumbuka mfano wa mwanafalsafa Jonathan Cohen wa mwaka 1977: watazamaji 1,000 wako uwanjani, na wote isipokuwa 499 waliolipa wameingia bila kulipa. Ukimshika mmoja wao ovyo, kuna uwezekano unaozidi nusu kidogo kwamba hakulipa, ila hakuna anayeona ni haki kumtia hatiani kwa hesabu hiyo tu. Mwalimu wetu alikuwa akitusomesha mfano huu katika falsafa ya sheria na hakuuhusisha hata mara moja na imani za kila siku, jambo ambalo hadi leo linanisikitisha.

Lakini kuna kitu kinachoninyima raha, na nataka ukiweke katikati ya sura hiyo badala ya kukificha. Miranda Fricker, mwaka 2007, alituonyesha dhuluma ya upande wa pili: mtu anasema kweli, na msikilizaji, kwa sababu ya chuki aliyonayo juu ya kabila au jinsia ya msemaji, anampunguzia uaminifu anaostahili. Hapo dhuluma ni kutoamini. Sasa chukua mwanamke anayesema kwamba ameumizwa na mwanamume fulani. Kuamini jambo zito namna hiyo juu ya mwanamume huyo kunahitaji, kwa kanuni ya kupandisha kiwango, ushahidi mwingi zaidi. Lakini kila tunapoupandisha tunamwacha mwanamke nje ya mlango, naye huenda hana kingine ila neno lake. Kusubiri, nilikokusifu hapo juu, kumegeuka kuwa njia ya kumdhulumu. Nimejaribu kusema kwamba kiwango kipandishwe kwa upande mmoja tu, ule wa aliye dhaifu, lakini hapo tunahitaji kujua nani dhaifu kabla ya kuamini, na ujuzi huo nao…

Ndiyo maana nasema swali lako halikatiki. Ukibaki na nadharia ya maarifa peke yake hutaona kwa nini kusubiri kunaumiza; ukibaki na maadili peke yake hutaeleza kwa nini huruma isiwe kisingizio cha kuamini lolote. Jopo lina haki ya kudai mpaka wa kazi, maana tasnifu isiyo na mpaka haiishi, na hilo waambie kwa heshima. Waambie mpaka wako ni swali moja, la kutosha kwa ushahidi, na kwamba swali hilo limekuwa la falsafa ya sayansi tangu Rudner.

Sasa nijibu haya. Je, msimamizi wako yuko upande wako, au naye ni miongoni mwa wale waliotaka uchague? Rasimu ya kwanza ya sura hiyo bado unayo, ile uliyomsomea Salum? Umepewa hadi lini kurudisha pendekezo, na unaruhusiwa kuambatanisha maelezo ya kujitetea? Na juu ya mwanamke yule na neno lake, wewe unaonaje: ushuhuda wa mtu juu ya maumivu yake mwenyewe uhesabiwe kuwa ushahidi kama ushahidi mwingine wowote, au una haki ya pekee kwetu sisi tunaousikia? Nina sura yangu inayokwama hapo hapo, na ningependa uisome kabla sijamwonyesha mtu mwingine. Nikutumie?

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Rafiki yako akupendaye,
Nasra